Nililisoma Jina kwa Sauti

Jina lake silitaji. Nililitaja mara moja, tena lisilokuwa lake, na hiyo moja inatosha.

Ilikuwa mwaka 2011, Mombasa, katika saluni ya mama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu ilikuwa kukaa kaunta, kupokea pesa, kutuma pesa, kufagia nywele na kujifanya meneja. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja: viti vinne vya plastiki, kimoja cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimeacha kuzunguka, na draya iliyokwisha kuunguza masikio ya nusu ya mtaa. Mama alikuwa na wasusi watatu. Wawili walikuwa wasusi. Wa tatu alikuwa fundi.

Huyo fundi alikuwa mrefu, mwembamba, deera lake la maua halikosi kunyooshwa pasi, mtandio umetupwa begani. Vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayehesabu tasbihi kwa haraka. Matuta ya kawaida alimaliza kichwa kizima huku wenzake wakiwa bado kisogoni. Abuja zake zilikaa mwezi na nusu bila kufumuka. Ila sifa yake kubwa ilikuwa twende kilioni, msuko wa mabibi zetu, ambao wasusi vijana waliukimbia kwa kuwa hauna mahali pa kuficha kosa: tuta likienda upande, kichwa chote kinaonekana kimepinda. Wanawake walitoka Likoni, wakavuka feri na joto lote lile, wamfuate yeye. Mteja akimwambia akaze zaidi, alijibu, "Nywele si kamba ya mbuzi, dada," na hakukaza.

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, hasa asubuhi. Nani alijua na nani hakujua, siwezi kusema. Nafikiri wengi walijua, kwa ile namna ya Pwani ya kulijua jambo na kuliacha lilipo. Watu wa bara hudhani huo ni unafiki. Sisi tunauita stara. Unamsitiri mwenzako leo, naye akusitiri kesho, na jua linazama bila mtu kuaibika. Hata daftari la chama chetu cha kuchangiana pesa, ambalo mama aliliweka chini ya droo ya rola, lilikuwa na jina lake katika mstari wa tisa, jina lake lile tulilomwita sote, kwa mwandiko wa mama uliolala upande wa kulia.

Basi Jumamosi moja, saluni imejaa, mama akaniambia nimtumie fundi pesa zake za wiki kwa simu. Elfu moja na mia nane. Nikaandika nambari, nikatuma. Ujumbe ukarudi wa kuthibitisha, na ndani yake, kwa herufi kubwa, jina lililosajiliwa na kitambulisho. Majina matatu, yote ya kiume.

Ningeweza kuifunga simu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka kuchekesha watu. Nikalisoma kwa sauti. Nikaongeza na swali: "Mama, huyu bwana ni nani tumempa pesa zetu?"

Kicheko kilianzia pembeni kikazunguka chumba. Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya, ambaye dakika kumi kabla alimwambia fundi "shoga yangu, leo unitengeneze vizuri nina harusi," aliinua kichwa akasema, "Kumbe shoga!" Neno lile lile, kinywa kile kile. Wasiotoka Pwani huenda wasilielewe hili: kwetu shoga ni mwanamke mwenzio wa kusemezana naye siri, rafiki wa kufa na kuzikana. Wakati huohuo ni tusi linalomwangukia mwanamume anayedhaniwa si mwanamume wa kutosha. Fundi alilipokea neno hilo pande zote mbili, asubuhi moja, kutoka kwa mtu mmoja.

Hakusema kitu. Alimaliza tuta alilokuwa analisuka. Hilo ndilo linalonirudia: hakuliachia katikati, alilifikisha mwisho, akalifunga uzi, akalilaza kwa kiganja. Akapangusa kitana chake, akakitia mkobani, akamwambia mama, "Bi mkubwa, mimi naondoka." Mteja aliyekuwa mikononi mwake alibaki na nusu ya kichwa. Mama alimmalizia mwenyewe, vibaya, akakataa kuchukua pesa yake.

Nilingoja kupigwa makelele. Sikupigwa. Usiku, tunafunga mahesabu, mama alisema bila kuniangalia: "Leo umemvua mtu nguo mbele za watu." Kisha akaendelea kuhesabu sarafu.

*

Nilidhani maneno ya mama ni mafumbo ya mtu mzima aliyekasirika. Miaka miwili baadaye, nikiwa Nairobi chuoni, nikayasoma gazetini yakiwa hayana fumbo lolote. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru serikali imlipe shilingi 200,000 mtu transjenda, yaani yule ambaye jinsia anayoijua nafsini si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, ambaye polisi walimvua nguo huku waandishi wa habari wakishuhudia. Walitaka kuona kilichomo. Hukumu ilimtaja kwa herufi tatu tu za majina yake. Nilifikiri, angalau mahakama inajua kusitiri.

Neno lenyewe linatusumbua. Magazeti yetu huandika "aliyebadili jinsia", kana kwamba ni mtu aliyebadili laini ya simu. Wengi wa wenyewe husema transjenda, au transi kwa kifupi, maana kwao hakuna kilichobadilika ila watu wa nje kuambiwa. Mimi nawafuata wenyewe.

Mwaka huohuo wa 2013 ndipo nilipoanza kulisikia jina la Audrey Mbugua. Kwa aliyekuwa Kenya wakati ule, habari yake haikukwepeka. Alikuwa ameketi mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 akapata A-. Kwetu alama hiyo si mchezo. Ni ya mtoto ambaye picha yake huwekwa kwenye kalenda ya shule. Lakini cheti kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume, na aliyekibeba alikuwa mwanamke. Kila alipokipeleka, macho ya mwajiri yalikwenda kwenye karatasi, yakarudi usoni, yakarudi kwenye karatasi. Mtu mwenye A- alikaa bila kazi kwa sababu karatasi ya kusifu akili yake ilimwita mwongo kabla hajafungua kinywa.

Aliliomba baraza la mitihani libadilishe jina na kuiondoa alama ya jinsia. Likakataa. Akaenda mahakamani.

Nilizifuata habari za kesi ile kama watu wengine wanavyofuata ligi. Sikumwambia mtu kwa nini. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru atolewe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Sababu mojawapo aliyoitoa ni nyepesi kiasi kwamba unajiuliza ilikuwaje tukahitaji jaji: mtihani hausahihishwi kwa jinsia. Hakuna maksi za kuwa mvulana. Ukiiondoa ile herufi, cheti hakipungui thamani hata chembe. Miezi michache kabla, Julai 2014, jaji mwingine, George Odunga, alikuwa ameiamuru bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali iliandikishe shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo Audrey alikuwa mmoja wa viongozi wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima ya asili na haki ya heshima hiyo kuheshimiwa na kulindwa. Kila mtu. Haikuandika kila mtu anayefanana na kitambulisho chake.

Ninampenda Audrey kwa jambo ambalo pengine yeye mwenyewe haoni kuwa ni sifa: ukaidi wake ulikuwa wa ofisini. Wengine hutaka shujaa mwenye bendera. Yeye alikuwa na faili. Barua, majibu ya barua, nakala, mihuri, foleni, siku ya kutajwa kwa kesi, siku ya kuahirishwa kwa kesi. Yeyote aliyewahi kufuatilia cheti kilichopotea katika nchi hii anajua ni uzito gani, hata kama jina lako halina utata. Yeye aliyafanya hayo yote huku kila karani anayemkabidhi fomu akimtazama kooni.

Na katika kuisoma kesi ile ndipo nilipoelewa nilichokifanya saluni. Ile simu yangu ilikuwa karani. Fundi alikuwa ametengeneza maisha yake kwa uangalifu, jina, deera, wateja, chama, na katikati ya hayo palikuwa na mlango mmoja asioweza kuufunga kwa sababu funguo zilikuwa serikalini. Kila aliyemtumia pesa aliweza kuuona mlango huo. Wateja wote wale wa Likoni bila shaka walikuwa wamekwisha kuliona jina lile kwenye simu zao. Walilisoma kimya kimya.

*

Nirukie Agosti 2025. Kule Eldoret, Jaji Reuben Nyakundi alitoa hukumu kwa mwanamke transjenda aliyekamatwa mwaka 2019, akawekwa rumande, akapekuliwa mwili ili ijulikane yeye ni nini. Jaji akasema heshima yake ilivunjwa, akaamuru alipwe shilingi milioni moja, na akaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu transjenda, au irekebishe mswada wa huntha uwaingize nao. Kutoka 200,000 hadi milioni moja ndani ya miaka kumi na miwili. Heshima nayo imepanda bei pamoja na unga.

(Huntha, kwa wasiojua, ni wale wanaozaliwa na maumbile yasiyoangukia upande mmoja. Sensa ya 2019 iliwahesabu, ikapata 1,524, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kufanya hivyo. Transjenda hawakuwa na kisanduku chao. Watu huwachanganya hawa na wale kila siku, lakini ni habari mbili.)

Siku chache baada ya hukumu, mjomba wangu mmoja alitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp video ya mwanamke anayevutwa wigi na kundi la vijana barabarani, hata haijulikani ni nchi gani, na chini yake vikatuni vya kucheka hadi machozi. Watu tisa walicheka. Nikaona binamu, nikaona mtu niliyesoma naye madrasa. Mama yumo katika kundi hilo ila huwa hasemi kitu. Hutuma Ijumaa kareem na picha za maua.

Nilikuwa nimeshazoea kutoka kwenye makundi kama hayo, au kunyamaza, ambako ni kutoka kwa namna nyingine. Siku hiyo niliandika habari ya saluni. Yote, na swali langu la "huyu bwana ni nani". Sikumhubiria mtu. Niliandika tu nilichofanya, nikamalizia kwamba sijui aliko hadi leo na kwamba nadaiwa.

Kimya cha saa nzima. Kisha binamu yangu, mtoto wa shangazi, akajibu: "Pole dada, lakini haya ni mambo ya wazungu. Kwetu Afrika hayakuwepo."

Hakuwa mjeuri. Ni kijana mzuri, hunitumia samaki nikimwomba. Ndiyo maana nilikaa nikamwandikia jibu refu, na jibu hilo ndilo limezaa makala haya.

*

Nilimwambia kwanza habari ya mtu wa Kongo.

Mwaka 1591, mji wa Salvador, jimbo la Bahia nchini Brazil, koloni la Wareno. Wakaguzi wa mahakama ya kanisa walikuwa wamefika kutoka Ureno kusikiliza mashtaka ya dhambi, na watu wakajipanga kuwashtaki majirani. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo mtumwa fundi viatu, aliyetolewa Kongo, ambaye daftari lilimwandika kwa jina la kiume la Kireno na lakabu ya Manicongo. Manikongo ndilo jina la cheo la mfalme wa kule. Wanaojua Kiswahili watalisikia ndani yake neno mwenye, mwinyi. Mwenye Kongo. Mtu wa daraja hilo la jina, anashona viatu vya watu utumwani.

Kosa lake? Alikataa kuvaa nguo za kiume alizopewa na bwana wake. Alijifunga kitambaa kiunoni, ncha zake zikija mbele. Mshtaki, Mreno, akaeleza kwamba aliwahi kuwaona watu wa namna hiyo huko Kongo na Angola, na kwamba huko huitwa jimbandaa, na kwamba ndivyo wanavyojifunga.

Nilimwomba binamu yangu alisome hilo tena, taratibu. Aliyekuwa akisema "hili ni jambo la Afrika" ni Mreno, na alilisema kama shtaka. Neno lilikuwa la Kibantu. Mfungo wa kitambaa ulikuwa wa kwao. Mzungu ndiye aliyeleta suruali na tishio la kuchomwa moto. Baada ya kutishwa hivyo, fundi viatu alivaa nguo za kiume, na daftari likanyamaza.

Wanawake transi Weusi wa Brazil walilifufua jina lake karne hii wakampa la kike: Xica Manicongo. Machi 2025 ilikuwa zamu ya Rio: shule ya samba ya Paraíso do Tuiuti iliingia uwanjani kwenye kanivali ikiwa na habari yake ndiyo mada yake nzima. Sijui kama kuna namna bora ya kumjibu karani wa mwaka 1591. Leso yake imerudi na ngoma.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimekua nikiona kila mwanamke wa nyumbani akijifunga leso, na ile picha ya kitambaa kiunoni, ncha mbele, haijanitoka. Sisemi fundi wetu na fundi viatu yule ni kitu kimoja. Karne nne na bahari nzima ziko katikati, na mtu wa 1591 hakujiita transjenda wala asingejua neno hilo ni nini. Nasema tu kwamba hoja ya "hayakuwepo" imekufa siku nyingi, na kaburi lake limo kwenye nyaraka za hao hao wazungu.

Kisha nikamwandikia habari ya Frances Thompson, kwa sababu ya karatasi.

Frances alizaliwa mtumwa Marekani, akaja kuwa mwanamke huru mjini Memphis, mfua nguo na mshonaji, akitembea kwa magongo kwa ugonjwa wa mguu. Mei 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha, umati wa Wazungu, polisi wakiwamo, uliwashambulia Weusi wa Memphis kwa siku tatu. Watu Weusi 46 waliuawa. Makanisa na shule zao zilichomwa. Wanaume saba waliingia nyumbani kwa Frances, wakala chakula chake, wakambaka yeye na msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akiishi naye.

Bunge la Marekani lilituma kamati kuchunguza. Frances alikwenda mbele yake akasema. Mfua nguo Mweusi, aliyekuwa mali ya mtu miaka michache nyuma, alisimama mbele ya wabunge Wazungu akaeleza alichofanyiwa, na ikaandikwa. Mimi nilikuwa na kaunta na nguvu ya simu nikaitumia kumdhalilisha mtu. Yeye hakuwa na kitu, akalitumia neno lake kulinda wenzake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1876, alikamatwa Memphis, madaktari wakamkagua, ikatangazwa kwamba ni "mwanamume". Akatozwa faini ya dola 50, akavalishwa nguo za kiume, akatiwa kwenye genge la wafungwa wa minyororo. Magazeti yaliyokuwa yameuchukia ushahidi wa 1866 yalishangilia: mnaona, hata ubakaji ulikuwa uongo, hata mauaji yametiwa chumvi, shahidi mwenyewe si mwanamke. Mwili wake ukatumika kuwafutia damu waliomwaga damu. Alifariki mwaka huohuo.

Hapa ndipo nilipomwambia binamu yangu kwamba chuki hii haijawahi kuwa kwa ajili ya maadili peke yake. Ni chombo. Ukitaka kulizima neno la mwanamke Mweusi, unamwambia kwanza athibitishe kuwa ni mwanamke. Wanamichezo wetu wa Afrika wanaijua fomu hiyo, hata wasio transjenda. Caster Semenya wa Afrika Kusini, aliyelelewa msichana tangu azaliwe, alishinda mita 800 mjini Berlin mwaka 2009, naye dunia nzima ikajadili mwili wake kama ng'ombe wa mnada.

Habari zinafanana hadi zinachosha. Marsha P. Johnson, mwanamke Mweusi wa New York, mwenye mataji ya maua kichwani, aliyekuwamo katika siku za Stonewall mwaka 1969, watu walipowakabili polisi waliovamia baa ya jina hilo, na ambaye mwaka uliofuata, yeye na Sylvia Rivera, waliwatafutia vijana waliofukuzwa makwao mahali pa kulala: mwili wake ulipoonekana mtoni Julai 1992, polisi waliandika kwamba amejiua, na waliomjua walibishana na karatasi hiyo kwa miaka. Rita Hester aliuawa nyumbani kwake Boston, Novemba 1998, na magazeti yakamzika kwa jina ambalo marafiki zake hawakumwita. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa Siku ya Kumbukumbu ya watu transjenda waliouawa, tarehe 20 Novemba. Kila mara kuna aliyekufa, na kuna karatasi inayomuua tena.

Lakini Marsha alikuwa na dawa yake. Akiulizwa hiyo P ni ya nini, alisema ni ya "Pay it no mind", yaani lipuuze, halikuhusu. Nimejaribu kulitafsiri mara nyingi na nimeishia kwa mama yangu, ambaye angesema: "Wewe yakuhusu nini?"

Zipo pia karatasi zilizosema kweli, na sitaki zipite. Mwaka 2017 watu wa Minneapolis walichagua kwenye kura zao jina la Andrea Jenkins, mshairi, mwanamke transi Mweusi, akaingia baraza la jiji na baadaye akaliongoza. Mwaka 2020 bustani ya serikali ya jimbo, Brooklyn, kando ya mto, ilipewa jina la Marsha siku ambayo angetimiza miaka sabini na mitano. Mwaka 2022 Erika Hilton, mwanamke transi Mweusi, alichaguliwa mbunge wa taifa kutoka São Paulo, katika nchi ile ile iliyomvalisha fundi viatu suruali kwa nguvu. Na hapa jirani, Uganda, mwaka 2021 Cleopatra Kambugu alipata kitambulisho cha taifa kinachomtaja kuwa mwanamke. Uganda! Miaka miwili kabla ya sheria ile kali ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Karani mmoja aliandika herufi moja sahihi. Ninamwazia karani huyo kuliko ninavyowawazia majaji.

*

Binamu alisoma yote. Ilionekana zile alama mbili za buluu. Akajibu: "Sawa. Lakini sasa tutawaitaje?"

Nilicheka peke yangu, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo Kiswahili kinalijibu kabla hujalimaliza. Ndugu zetu wa Kiingereza wanapigana vita vya "he" na "she"; kila sentensi inawalazimisha wachague. Sisi tunasema alikuja, alikaa, alisuka, akaondoka. Yeye. Mtu. Angalia nilivyomsimulia fundi tangu mwanzo: lugha haikunidai jinsia yake hata mara moja. Nilipomdhalilisha mwaka 2011 ilinibidi nitoke nje ya sarufi, nikaazime neno "bwana" ili nimchome nalo.

Lakini nisijisifu sana na lugha, kwa sababu tunapotaka kuumiza tunajua pa kwenda. Tunayo kaka na dada, shangazi na mjomba, bibi na bwana, na ndiyo maneno ambayo mtu hujua kwayo kama nyumba imempokea au imemtoa. Fundi hakuwa na haja ya kiwakilishi chetu. Alikuwa na haja ya "dada", na alikuwa nayo, miaka miwili nzima, hadi nilipomnyang'anya. Nikamwandikia binamu: mwite anavyoitika.

Hayo si maneno yangu, ni ya mama. Wiki tatu baada ya fundi kuondoka, zamu yake ya chama ilifika. Wanawake kumi, shilingi 500 kila wiki. Alikuwa amechanga mara sita. Wapo waliosema zigawanywe, mwenyewe ameshapotea. Mama akasema hiyo ni haki ya mtu. Akaniita kaunta, akachukua simu mwenyewe, akatuma 3,000. Ujumbe ukarudi na yale majina matatu. Aliusoma, akaifunga simu, akafungua daftari, akatia alama ya kulipwa kwenye mstari wa tisa. Nikamuuliza kwa nini hakuandika lile jina la simu, ili mahesabu yalingane. "Jina la mtu ni lile analoitika," akasema. "Hilo la simu ni la serikali."

Mama hana msimamo juu ya transjenda. Ukimuuliza atakwambia Mola ndiye mjuzi, na pengine atakwambia mambo mengine ambayo sitayapenda. Alichonacho ni hofu ya deni. Alitulea tukijua kwamba baina yako na Mungu unaweza kutubu usiku ukaamka mweupe, lakini haki ya mja haisameheki hadi mwenyewe atoe radhi. Kwa hiyo kila Ramadhani, wakati wa kuombana radhi, huniuliza swali moja la maneno mawili: "Umempata?"

Nimemtafuta. Laini ile ilizima mwaka 2012. Mtu mmoja alisema alionekana Malindi, mwingine akasema Dar. Nimeuliza kwenye saluni ambazo sikuwa na haja ya kusuka, nikatoka na vichwa vitatu vya rasta kwa mwezi mmoja. Nimejifunza kutomuulizia kwa jina lolote. Ninauliza, kuna fundi hapa anayejua twende kilioni ya zamani? Wananiletea wasichana wanaotazama video.

Jana usiku nilimpigia mama kumsomea makala haya, ili ajue nimemwandika. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniambia feri sikuieleza vizuri, wengine walikuwa wakitoka Mtongwe. Kisha akanyamaza, nikasikia feni ya nyumbani inavyolia kwa nyuma.

"Ukimpata," akasema, "usianze na habari za mahakama. Omba radhi yako, kisha umwambie mimi tangu siku ile najisuka mwenyewe, na nyuma sifiki."